Nyavu na mapazia ya pamoja kwenye madirisha yetu, Machomanne

14 Septemba

Leo nimeanza rasmi kazi ya kutafuta wavu na pazia vilivyounganishwa pamoja kwa madirisha yetu, na nitakuwa nnaandika kila hatua, mana nilipotafuta ushauri wa kazi hii nikapata maelezo ya nchi za baridi matupu, hamna anayezungumzia nyumba yenye joto, chumvi ya bahari na mbu wa mchana na usiku.

Nyumba yetu iko Machomanne hapa Chake Chake, Pemba, ina madirisha saba, yote aluminiamu ya kusukuma, yale ya vioo viwili na fremu moja ya wavu inayokwenda kwenye reli yake, kama nyumba nyingi za siku hizi. Tumehamia mwaka juzi na tangu hapo sikumbuki usiku mmoja tuliolala madirisha wazi bila ya mtu kuamka anajikuna.

Mama ndiye aliyenifanya niamue. Mwezi uliopita aliugua homa siku sita, viungo vinamuuma mpaka kikombe cha chai hawezi kukishika, tukampeleka kupimwa, malaria hamna. Muuguzi akauliza mbu wa nyumbani kwenu wanauma saa ngapi, mimi nikajibu usiku, mama akanikatisha akasema hapana mwanangu, mimi wananiuma mchana nikikaa dirishani nasuka ukili.

Neno hilo limenikaa kichwani. Sisi wote tumezoeshwa kufunga nyavu magharibi kwa sababu ya mbu wa malaria, yule anofelesi anayetembea usiku. Lakini aedesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeleta kidingapopo, anauma mchana, zaidi asubuhi na alasiri mpaka jua linakuchwa, na anazalia maji safi: kifuu cha nazi, kopo, tairi bovu, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Vifuu vya uani kwetu nimeshavifukia vyote leo, ndoo zimefunikwa. Yamebaki madirisha.

Na tatizo la dirisha la mama si kwamba halina wavu. Wavu upo. Juu yake ametia pazia zito la kitambaa, akilifunga chumba kinakuwa tanuri, akilifungua wapita njia wanamuona ndani, basi anachofanya anasogeza wavu apate upepo kidogo na pazia analiacha nusu. Anataka upepo, anataka sitara, hataki mbu, na vitu vitatu hivi kwenye dirisha lile vinagombana. Nnatafuta kitu kimoja kitakachovipatanisha.

15 Septemba

Kabla ya kununua chochote nimekaa na dirisha lenyewe. Nimewasha udi wa kijiti nikaupitisha taratibu pembeni mwa wavu, juu, chini, kushoto, kulia. Moshi hausemi uongo, penye upenyo utauona unavutwa. Chini kwenye reli ulivutwa kidogo mana burashi ya ukingoni mwa wavu imelika, lakini palipokuwa na balaa ni katikati ya dirisha, moshi uliingia mstari mzima kutoka juu mpaka chini kama umeitwa.

Nikachunguza nikafahamu. Wavu wetu uko reli ya nje kabisa. Kioo kimoja kiko reli inayofuata, cha pili reli ya ndani. Mama anapenda kufungua kile kioo cha nje, na hakifungui chote, anakifungua nusu. Sasa burashi ya wavu inafika kwenye fremu ya kioo tu, kwenye kioo chenyewe haifiki, mana kioo ni chembamba kuliko fremu yake. Kioo kikiwa nusu, burashi inakuwa mkabala na kioo kitupu, pana ufa wa kupita kidole, mbu anaingia bila ya kubisha hodi. Ukikifungua mpaka mwisho fremu mbili zinakutana na ufa unazibika. Au wavu uhamishie upande wa kioo cha ndani, huko hata ukifungua nusu hamna ufa.

Kama una madirisha ya aina hii nenda kaangalie sasa hivi, haikugharimu hata shilingi. Sisi tumeshahamisha nyavu zote leo na usiku huu tofauti tumeiona.

Lakini bado. Dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu hata ufanye nini, na habari ya pazia iko pale pale.

22 Septemba

Nilikwenda Unguja kwenye harusi ya mtoto wa shangazi, nikatumia siku moja kuzunguka maduka ya aluminiamu na ya mapazia, kutoka Darajani mpaka Mwanakwerekwe, miguu imevimba lakini nimeona kwa macho yangu. Mapazia yaliyounganishwa na wavu yako ya namna tatu nilizozishika mkononi.

Ya kwanza ina roli mbili ndani ya kasha moja juu ya dirisha, moja ya wavu moja ya blaindi, yaani kitambaa cha kuzuia jua na macho ya watu, kila moja na springi yake, unavuta chini unakamatisha. Inapendeza na ikipanda juu huioni. Nikamuomba muuzaji afungue mlango wa duka upepo uingie, wavu ukaanza kupiga na ukachomoka kwenye reli ya pembeni. Pale ndani mjini tena, kati ya maghorofa. Kwetu juu ya kilima kaskazi ikikolea itakuwaje? Ziko zenye zipu pembeni ambazo hazichomoki lakini pale hazikuwepo. Hii nimeiacha.

Ya pili ni ya mikunjo, kama pepeo la karatasi. Wavu wenye mikunjo unatoka upande mmoja wa fremu, blaindi yenye mikunjo inatoka upande wa pili, na vyote viwili vimefungwa kwenye ubao mmoja mwembamba unaotembea katikati. Ubao ukiupeleka juu wavu unafuata na blaindi inakunjika, ukiushusha blaindi inafunguka wavu unakunjika. Ndani ya mikunjo zinapita nyuzi zilizokazwa, ndizo zinazofanya ubao usimame popote unapouacha na upepo usiuchezee wavu. Kitu kimoja uelewe: dirisha haliwi tupu kabisa, daima pana wavu au pana blaindi. Wengine wataona ni kasoro. Mimi kwa mama yangu nnaona ndiyo faida yenyewe, hamna tena kusogeza wavu "kidogo tu".

Ya tatu ni kama ya pili lakini blaindi yake ina mikunjo miwili iliyoshikana, ukiitazama ubavuni ni vijumba kama vya nyuki. Muuzaji akaisifu sana kwamba inazuia joto. Ni kweli, hewa iliyofungika kwenye vile vijumba inazuia joto lisipite, ndiyo mana watu wa Ulaya wanaipenda, wao wanalipia joto la ndani lisitoke. Sisi tusio na kiyoyozi tunaolala madirisha wazi tunafungia nini? Na masika yetu unyevu utaingia mle kwenye vijumba, vidudu watafia mle, na mkono wa kusafisha haufiki. Ghali halafu haitufai.

Kwa hiyo ni ya pili. Lakini nilipokuwa kwenye boti kurudi Mkoani ndipo lilipokuja wazo ambalo muuzaji hakulitaja na naona ndilo kubwa kuliko yote: blaindi itokee chini.

Wao wanaweka blaindi juu na wavu chini, kama pazia la kawaida. Igeuze. Blaindi inapanda kutoka chini mpaka usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama nje, juu yake wavu. Mama anakaa dirishani anasuka ukili wake, hamna anayemuona, na upepo unapita juu. Tena hewa ya moto chumbani inapanda, kwa hiyo tundu la juu ndilo linaloitoa. Ukiwa na blaindi ya kushuka ukitaka sitara unaziba mpaka chini na upepo umekwisha. Nimempigia muuzaji simu kutoka Mkoani pale pale bandarini, nikamuuliza fremu hiyo inaweza kufungwa kinyume, akasema mwalimu, fremu haina juu wala chini, wewe ndiye unayeamua.

1 Oktoba

Sampuli za wavu zimefika, vipande vitatu vya ukubwa wa leso ya mkononi. Nimekaa na binti yangu mezani, rula, sindano na tochi ya simu, tukihesabu matundu ndani ya inchi moja. Tunaweka ncha ya sindano kwenye tundu la kwanza tunasogea, yeye anahesabu mimi naandika.

Kipande cha kwanza kumi na nane kwa kumi na sita. Hiki ndicho kipimo cha kawaida cha nyavu za madirisha, tundu lake ni milimita moja na kidogo, mbu hapiti. Uzi wake ni faiba iliyovishwa plastiki. Ukipiga hesabu ya uzi na tundu, kama thuluthi mbili ya eneo ndiyo iliyo wazi, yaani hata wavu wa kawaida unazuia sehemu ya upepo wako kabla ya kuzungumzia pazia. Kipande cha pili ishirini kwa ishirini, tundu karibu milimita moja kamili. Cha tatu cha chuma kisichoshika kutu, tundu kubwa kidogo, uzi mwembamba mgumu.

Swali ni usubi. Walio karibu na mikoko wanawajua, wale vidudu wadogo kama punje ya vumbi, wanauma kama cheche, na wavu wa kawaida wanapita. Kaka yangu anakaa Wesha karibu na bahari, kwake lazima utie wavu wa tundu dogo zaidi ya hata hivi vyangu, na ukubali upepo kupungua. Sisi tuko juu usubi si shida yetu, nikaamua kumi na nane kwa kumi na sita, sitaki kulipa upepo kwa mdudu ambaye hatufikii.

Rangi nimechagua nyeusi. Mama alitaka nyeupe akasema nyeusi itatia kiza, nikamshikia vyote viwili dirishani mchana, akaangalia mwembe wa jirani kupitia cheupe, kisha kupitia cheusi, akasema kwenye cheusi majani nnayaona. Wavu mweupe unarudisha mwanga machoni, mweusi unaumeza, ndiyo mana ukiwa ndani unaona nje vizuri na wa nje mchana hakuoni sana. Usiku mambo yanageuka, taa ikiwaka ndani wavu wowote ule unakuwa kama haupo. Hilo kina mama walizingatie.

6 Oktoba

Vipimo. Siku hizi ndizo jua linapita juu ya vichwa vyetu, adhuhuri kivuli cha nguzo ya umeme kinamalizika mguuni mwake. Pemba iko digrii tano kusini ya ikweta, basi jua linatupita utosini mwanzo wa Machi na tena mwanzo wa Oktoba. Maana yake kwa madirisha ni kwamba ukuta wa kaskazini na wa kusini ukiwa na upenu mzuri unajilinda wenyewe, kinachoteseka ni mashariki na magharibi, jua la chini linaloingia moja kwa moja. Sebule yetu inatazama magharibi. Kuanzia saa tisa hata kochi linachoma.

Nilidhani blaindi nzito itaimaliza kazi ile. Fundi wetu, kijana wa hapa hapa, akanitoa mawazo hayo, akasema mwalimu, jua likishapita kioo limeshaingia ndani, blaindi itakupa kivuli lakini moto uko kati yake na kioo na utakuja chumbani tu. Mgongo wa blaindi ukiwa mweupe unarudisha jua kiasi. Dawa ya magharibi ni nje: upenu, mti, pazia la mianzi barazani. Nimekubali, nimeiondoa sebule kwenye orodha ya mapazia ya mikunjo, pale tutatia paa dogo la nje pesa ikipatikana.

Sasa upimaji, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Upana tumepima mara tatu, juu, katikati na chini. Urefu mara tatu, kushoto, katikati, kulia. Kisha pembe kwa pembe, mishazari yote miwili. Dirisha la mama juu sentimita 118.4, katikati 118.1, chini 117.6. Tofauti ya milimita nane kwenye dirisha moja! Plasta ya mkono huwa hivyo, jicho halioni. Unachukua kile kidogo kuliko vyote na ukitoe milimita chache za kupumulia. Fundi akaweka pima maji kwenye kizingiti cha chini, kiputo kikakimbilia kushoto.

Na kina. Nondo zetu ziko upande wa ndani wa kioo, na kutoka nondo mpaka ukingo wa ukuta zimebaki sentimita 5 na nusu. Fremu ninayoitaka ina kina cha 4 na nusu. Inaingia. Chumba cha wageni zimebaki 3 tu, huko haingii bila ya kuijenga juu ya ukuta na hapo unaanza kupata nyufa za pembeni.

20 Oktoba

Nimeagiza mbili. Chumba cha mama na chumba cha watoto, basi. Jikoni wavu mtupu uliokazwa kwenye fremu ya mbao, kwa sababu moshi na mafuta vikiingia kwenye mikunjo hutavitoa tena. Chooni na stoo hivyo hivyo. Moja imetoka laki tatu na ishirini mpaka Mkoani, si pesa ndogo kwa mshahara wa mwalimu, ndiyo mana nnasema anza na dirisha la mtu anayehitaji kuliko wote.

Niliyosisitiza kwenye oda: wavu mweusi 18 kwa 16, blaindi ya mikunjo ya kawaida yenye mgongo mweupe, isiwe ya kiza kabisa, fremu ya aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga, skrubu za stenles zote na washa za plastiki chini ya kila skrubu, mana stenles ikigusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi aluminiamu inaanza kutoa unga mweupe na kuliwa. Na hakuna kamba inayoning'inia. Hili la kamba silifanyii mchezo, mtoto mdogo akijitia kitanzi cha kamba ya pazia shingoni anakufa kimya kimya, imetokea kwingi duniani. Ya kwetu unashika ubao wenyewe kwa mkono.

9 Novemba

Mzigo umefika. Nimeupokea Mkoani saa nne, saa saba tuko nyumbani na fundi tumeshafungua. Ya watoto imekaa kama imezaliwa pale. Ya mama haiingii.

Tumepima fremu: 118.1. Duka nililoagizia wamechukua kipimo cha katikati wakaacha cha chini, na hawakutoa nafasi ya kupumulia. Nimewaonyesha picha ya karatasi niliyowatumia, namba tatu zimeandikwa wazi na ile ndogo imezungushiwa duara. Kwanza wakasema wachonge ukuta. Nikakataa. Nimekasirika na nnaandika nikiwa nimekasirika, mama yangu alikuwa ameshaondoa pazia lake amelikunja, amekaa kitandani anasubiri dirisha lake.

Fundi akasema tusiilazimishe, ukiibana fremu ikipinda hata kidogo ubao unatembea upande na nyuzi zinalegea upande mmoja, utaharibu kitu kizima. Jioni duka wakapiga wamekubali kuikata upya, nauli ya kurudisha yao. Alhamdulillahi.

Angalau la watoto tumelifunga. Matundu manane ya drili, fisha za kushikia skrubu ukutani, skrubu, kisha silikoni nyembamba kuzunguka fremu yote upande wa ukuta. Silikoni ndiyo kazi yenyewe, mana ukuta umepinda na fremu imenyooka, kwa hiyo pana nafasi huku na huku, na mbu hahitaji mlango. Kisha nikawasha udi tena nikazunguka. Kona ya chini kulia moshi ukavutwa. Fundi akaongeza silikoni. Nikazunguka tena, moshi ukapanda wima.

27 Novemba

Fundi alipotea wiki mbili, yuko shamba kwa baba yake wanachuma karafuu, na msimu ukiwa hivi huwezi kumlaumu mtu, hata mimi wanafunzi wangu nusu wako juu ya mikarafuu. Fremu ya mama ilirudi tarehe 18 ikakaa ukumbini imefungwa. Leo ameifunga. Safari hii 117.2, imeingia kwa utulivu.

Usiku tumefanya jaribio la sitara. Tumewasha taa chumbani, mama amekaa kitandani, mimi na binti yangu tumetoka nje tukasimama njiani. Wavu mtupu: tumemuona mama mpaka maua ya kanga yake. Binti akaingia akapandisha ubao mpaka kidogo juu ya nusu ya dirisha. Tukaona dari, na kivuli cha feni. Mama hatukumuona. Nikamuuliza kupitia dirishani, mama upepo unaingia? Akasema unaingia, tena unanipita usoni, mana alikuwa amekaa upande wa mlango na ule wa juu unateremka huko.

Nilikaa pale njiani kidogo kabla ya kuingia.

4 Desemba

Vuli imekuja na mvua moja ya nguvu jioni, na baada yake kumbikumbi. Wanaojua wanajua, wanafuata taa kwa maelfu. Jikoni ambako wavu wa mbao una kona moja iliyofunguka tumefagia mabawa tele. Vyumba viwili vya fremu mpya hawakuingia, ila asubuhi nilikuta mabawa yamekwama kwenye mikunjo ya wavu upande wa nje, chini karibu na ubao. Ukikunja wavu na mabawa mle yanasagika yanatia doa. Kwa hiyo kabla ya kuusogeza ubao pitisha brashi laini ya rangi kutoka juu kwenda chini kufuata mikunjo. Maji na sabuni kidogo kwa kitambaa ikibidi, kisha uache wazi ukauke kabisa, kitu chenye mikunjo kikikunjwa na unyevu kwa hali ya hewa yetu kinaota ukungu.

Na chandarua bado tunatumia, sote. Mlango unafunguliwa mara mia kwa siku na watoto, dirisha haliwezi kujibu la mlango.

21 Desemba

Kaskazi imeingia. Dirisha la mama linatazama kaskazini mashariki kwa hiyo ndilo linalobeba upepo wote. Mchana wavu unavimba kidogo ndani lakini mikunjo inarudi, haujachomoka. Ubao ulianza kuteremka wenyewe taratibu, nikashtuka. Fundi akaja akafungua kifuniko kidogo cha pembeni, akaonyesha nyuzi zinapofungwa, moja imelegea, akaivuta kama nusu sentimita akaifunga upya. Akasema nyuzi mpya zinajinyoosha miezi ya mwanzo, kawaida. Ameniachia nimejifunza, la watoto nimelikaza mwenyewe.

Kitu kimoja ningebadilisha: blaindi ya mama ningechukua kitambaa chepesi zaidi. Hii kwa upepo wa kaskazi inapiga piga kwenye nondo, sauti ndogo lakini mtu mzima analala kwa tabu. Nimeweka ukanda mwembamba wa sponji kwenye nondo mbili za katikati na imenyamaza.

11 Januari

Skrubu nimezikagua zote kumi na sita, hamna kutu wala unga mweupe. Kona mbili za silikoni zimeachana na plasta, nimezirudia. Pazia la zamani la mama limeshonwa kuwa foronya za makochi.

Chumba cha wageni kile cha sentimita 3 tutatia wavu wa smaku, ule unaobandika ukanda kwenye fremu, na pazia jepesi la kawaida. Bei yake ni ndogo mno na wageni hawakai mwaka. Sebule paa la nje fundi ameshapima, amesema tusubiri masika ipite ndiyo tumwage zege la nguzo.

Mama asubuhi hii ubao ameuweka mwenyewe, usawa wa mabega, miaa yake imetandazwa kitandani, juu yake dirisha liko wazi nyuma ya wavu. Ameniambia ukili umefika pima nne na anataka miaa mingine ya rangi nikipita sokoni.